Matumaini Yenye Macho: Mwongozo Kamili wa Kufikiri Vizuri Mambo Yanapokwama

Kaa kwenye kijiwe chochote na utasikia ushauri wa aina mbili. Mmoja atakwambia, "Fikiria chanya tu, itakuja." Mwingine atakwambia, "Huku bila mtu wa kukushika mkono hutoki." Wote wawili wanakuacha pale pale ulipokuwa: ukimsikiliza wa kwanza utasubiri, ukimsikiliza wa pili utaacha.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwama. Biashara imeyumba, usaili umepita bila majibu, mtihani umeanguka, na anataka kujua afanye nini na mawazo yake kuanzia kesho asubuhi. Ninachoshikilia ni kwamba furaha ya usoni haiamui mengi. Kinachoamua ni maelezo unayojipa jambo linapoharibika, halafu kile unachofanya baada ya kujipa maelezo hayo. Maelezo hayo yanaweza kujifunzwa upya, kama mtu anavyojifunza ufundi, na hatua zake ndizo hizi hapa chini.

Kwanza, kwa nini maelezo yana nguvu hivyo

Kuuza bima ni kazi ya kukataliwa. Wakala anabisha hodi siku nzima na wengi wanamwambia hapana. Miaka ya 1980 kampuni ya bima ya MetLife ya Marekani ilikuwa ikiajiri maelfu ya mawakala, na wengi wakiacha kazi mapema. Mwanasaikolojia Martin Seligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania akawapima mawakala kwa kitu kimoja: wanajielezaje wanapokataliwa? Waliokuwa nusu ya juu kwa matumaini waliuza asilimia 37 zaidi ya nusu ya chini katika miaka yao miwili ya kwanza. Kampuni ikaenda mbali zaidi. Ikaajiri kundi la watu waliofeli mtihani wa kawaida wa kuingia kazini lakini wenye alama za juu za matumaini. Mwaka wa kwanza waliwazidi wenzao wenye kukata tamaa kwa asilimia 21, na mwaka wa pili kwa asilimia 57.

Ukitazama vizuri, kilichotokea hapo ni hesabu tu. Anayejiambia "huyu leo alikuwa na haraka" atabisha mlango unaofuata. Anayejiambia "mimi sijui kuuza" atarudi nyumbani saa sita mchana. Mwisho wa mwezi mmoja amebisha milango mingi kuliko mwenzake, basi.

Seligman alifika huko kwa njia ndefu. Mwaka 1967, yeye na Steven Maier waliona kwamba mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia, wengi wao walilala chini tu hata walipowekwa mahali ambapo wangeweza kuruka kizuizi kifupi na kuziepuka. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba wanyama hao walikuwa wamejifunza kukata tamaa. Mwaka 2016, baada ya miongo ya utafiti wa ubongo, watafiti haohao waliandika kwamba walikuwa wameligeuza jambo kichwa chini. Kunyong'onyea ndiyo hali ya asili ya mwili unapoteseka kwa muda mrefu. Kinachojifunzwa ni kujua kwamba kitendo chako kinaweza kubadilisha kitu.

Hili naomba ulishike sana, hasa kama umezoea kujiita mtu wa roho nyepesi. Kunyong'onyea baada ya mapigo si dosari ya tabia yako. Na matumaini hayaji kwa kuyaita. Yanakuja kwa kuona mkono wako umesogeza jambo.

Hatua ya 1: Jinase ukijieleza

Huwezi kubadilisha maneno usiyoyasikia. Kwa wiki moja, kila jambo linapokuharibikia, andika mistari mitatu: kilichotokea, ulichojiambia, ulichofanya baadaye. Daftari la mtoto la shule linatosha. Kama huna muda wa kuandika, jirekodi sauti kwenye simu.

Mfano:

Kilichotokea: Niliitwa usaili, jina halikutoka.
Nilichojiambia: Nafasi zile zilikuwa na wenyewe.
Nilichofanya: Tangazo lililofuata sikuomba.

Angalia mstari wa tatu. Kukosa kazi ile kulitokea mara moja. Kutoomba nyingine ni uamuzi mpya, na haukutokana na usaili. Umetoka kwenye mstari wa katikati. Watu wengi wanaofanya zoezi hili wanashtuka kuona ni mara ngapi mstari wa katikati umewanyima kitu ambacho hakuna aliyewanyima.

Andika maneno kama yalivyokuja, hata kama ni ya aibu. Kama yalikuja kwa Kisukuma au Kiluo, yaandike hivyohivyo. Ukiyasafisha ili yasomeke vizuri utapoteza unachokitafuta. Wiki ikiisha, pitia ukurasa kwa ukurasa na upigie mstari maneno haya: *siku zote, kila mara, hata siku moja, wote, hakuna, mimi ni mtu wa*. Yanapojaa, hatua inayofuata ni yako.

Hatua ya 2: Maswali matatu

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua mama anayefanya biashara ya dagaa Ziwa Victoria. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza, mwezi usipoonekana. Mbalamwezi ikiwa kubwa mavuno hushuka. Kwa hiyo siku zake za kununua ni za kuhesabu. Amekopa laki tano kwenye kikoba, amenunua mzigo alfajiri kisiwani, ameuanika chini kwenye mchanga, anategemea jua la siku moja kali kisha apakie magunia kwenda kuuza soko la Mwaloni, Kirumba, mjini Mwanza. Saa saba mchana mvua inashuka. Dagaa wanalowa, wanabadilika rangi, wanaanza kunuka. Anayewanunua sasa ni mtu wa chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa.

Anaweza kujieleza kwa namna tatu.

Ya kwanza: "Mimi na biashara hatuendani. Kila ninachogusa kinaharibika." Giza lijalo haendi kisiwani. Siku ya kikao cha kikoba anazima simu. Deni linakuwa uadui, na wenzake waliokuwa tayari kumwongezea muda wanaanza kumtafuta kwa hasira.

Ya pili: "Mvua tu hiyo. Mungu atalipa." Uso unang'aa, na wengi wangemsifu kwa imani yake. Lakini giza lijalo anaanika kwenye mchanga uleule, kwa namna ileile, masika yaleyale.

Ya tatu: "Mzigo huu umeharibika kwa sababu niliuanika wote chini, siku moja, bila turubai, masika. Mvua siiwezi. Turubai naliweza, na chanja naziweza." Chanja zile za kuinua dagaa juu ya ardhi hupitisha upepo, hukausha haraka, na dagaa wake hawana mchanga, kwa hiyo hata bei yao ni nzuri zaidi. Anaenda kwenye kikoba na habari mbaya na mpango mkononi.

Maelezo haya matatu tunayatenganisha kwa maswali ambayo Seligman aliyakuta kwenye utafiti wake, ambayo mimi nayauliza hivi:

*Je, ni la kudumu?* "Biashara hainipendi" haina mwisho. "Masika ya mwaka huu" ina mwisho, hata kalenda inaujua.

*Je, limeenea kila mahali?* Ameharibikiwa dagaa. Hakuharibikiwa hesabu, wateja wake wa Kirumba, wala uaminifu wake. Ukianguka upande mmoja, taja kwa sauti pande ambazo bado zimesimama.

*Je, ni mimi mzima, au ni nilichofanya?* Hili ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Watu hudhani matumaini ni kumtupia lawama mwingine: serikali, shemeji, hali ya hewa. Sivyo. Mama yule amejilaumu waziwazi, na amefanya vizuri. Amelaumu kitendo ambacho anaweza kukibadilisha. Kujilaumu kwa namna hiyo ni mtaji. Kinachobomoa ni kulaumu kitu ndani yako unachoamini hakibadiliki: akili ndogo, bahati mbaya, damu ya ukoo.

Ndiyo maana nina ugomvi na mabango ya kusafisha nyota. Mtu akikwambia nyota yako imefungwa, amekupa maelezo mabaya kwa maswali yote matatu: yanadumu, yanagusa kila kitu, na ufunguo anao yeye. Baada ya hapo hutauliza tena kuhusu turubai. Utauliza bei ya kuku mweupe.

Mambo mazuri yanapotokea, geuza maswali yaleyale. Aliyezoea kukata tamaa husema "nimebahatisha" hata alipokesha wiki nzima. Jinase na hapo. Ukiuza vizuri, andika ulichofanya kilichosababisha, ili uweze kukirudia.

Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, akapata shaba Athens 2004 na fedha Beijing 2008. Mwaka 2012 akakosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Mwaka uliofuata alikimbia marathoni yake ya kwanza, Hamburg, akashinda. Rio 2016 akachukua dhahabu, na Oktoba 2019 mjini Vienna akakimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40, katika mbio maalumu ambazo hazihesabiki kama rekodi rasmi. Kufungiwa mlango wa mita 5,000 hakukugeuzwa kuwa mwisho wa kukimbia. Wahenga walikwishasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Hatua ya 3: Bishana kwa ushahidi

Ukishajua maelezo yako ni ya kukuangusha, usiyakubali kwa sababu tu yametoka kichwani mwako. Mtu mwingine akikwambia "wewe hujawahi kufanikiwa kitu", ungemjibu. Jijibu na wewe. Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili aliyejenga tiba nzima juu ya msingi huu kuanzia miaka ya 1960, aliwafundisha wagonjwa wake kuyachukulia mawazo yao kama madai ya kuchunguzwa.

Uliza: Ushahidi uko wapi, wa kukubali na wa kukataa? Kuna maelezo mengine yanayolingana na yaliyotokea? Na hata kama dai ni kweli, matokeo yake ni makubwa kiasi gani hasa?

Swali la mwisho linasaidia pale ambapo ushahidi uko upande wa habari mbaya. Umefeli Hisabati, ni kweli. Sasa orodhesha milango iliyofungwa kwa sababu hiyo na ile iliyobaki. Orodha ya pili mara nyingi ni ndefu kuliko ulivyodhani saa ulipoona matokeo.

Andika majibu. Ukibishana kimoyomoyo, wazo baya hushinda kwa kurudiarudia.

Na usijibu kwa kujisifu usikokuamini. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake wa Kanada walichapisha utafiti kuhusu watu wanaorudia kujiambia kwamba wanastahili kupendwa. Waliokuwa tayari wanajidharau walijisikia vibaya zaidi baada ya kurudia maneno hayo, maana moyo ulikuwa unawajibu "uongo". Kwa hiyo kusimama mbele ya kioo na kusema "mimi ni bilionea" wakati kodi ya nyumba imepita si tiba. Sema sentensi ambayo unaweza kuitetea mbele ya mtu anayekujua: "Nilishawahi kulipa deni kubwa kuliko hili."

Hatua ya 4: Fanya kitu kidogo kinachoonekana, leo

Kumbuka utafiti wa 2016: mwili unajifunza matumaini kwa kuona kitendo kinaleta matokeo. Kwa hiyo usingoje moyo utulie ndipo uanze. Chagua kitendo kinachoisha ndani ya siku moja, kilicho mikononi mwako, na ambacho matokeo yake unayaona kwa macho. "Kutafuta kazi" hakiishi leo. "Kumpigia aliyenisimamia nikiwa kwenye mafunzo na kumwomba anitaje kama mdhamini" kinaisha kabla ya chakula cha mchana.

Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua juu ya hili umetoka hapa Afrika, na unastahili kujulikana zaidi. Mjini Lomé, Togo, watafiti waliwagawa wajasiriamali wadogo 1,500 katika makundi matatu. Kundi moja lilipata mafunzo ya kawaida ya biashara: kuweka hesabu, masoko, usimamizi wa fedha. Kundi la pili lilifundishwa fikra na tabia: kuanza bila kusubiri kuambiwa, kuona fursa, kujiwekea malengo, kupanga mapema vikwazo vitakavyokuja, na kutoacha vikija. La tatu halikupata mafunzo. Baada ya zaidi ya miaka miwili, faida ya kundi la fikra ilikuwa juu kwa asilimia 30 kuliko ya wasiofundishwa. La hesabu lilikuwa juu kwa asilimia 11, tofauti ndogo kiasi kwamba kitakwimu haikuweza kuhesabiwa kuwa ya uhakika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la *Science*.

Soma tena walichofundishwa. Hakuna mahali walipoambiwa watabasamu. Walifundishwa kuanza na kujiandaa. Nikisoma matokeo kama haya najiuliza kwa nini semina zetu nyingi za wajasiriamali bado zinaishia kwenye kitabu cha mapato na matumizi na cheti cha kuhudhuria.

Hatua ya 5: Ndoto iwekewe kizuizi na mpango

Kuna watu ambao shida yao si kukata tamaa. Wana ndoto kubwa na wanaizungumza vizuri: duka litakuwa hivi, gari hili, watoto shule ile. Mwaka unaisha na hawajasogea. Hatua hii ni yao.

Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia Mjerumani, amewachunguza watu wa aina hii kwa miongo kadhaa. Wanawake waliokuwa wakijitahidi kupunguza uzito walipungua kilo chache kuliko wenzao pale walipozoea kujiwazia tayari wamekuwa wembamba. Wahitimu wa chuo Ujerumani waliojiota mara nyingi kwenye kazi nzuri walikuja kuwa wametuma maombi machache, wamepata nafasi chache na mishahara midogo kuliko wenzao. Alipopima mwili wa mtu anayeota mafanikio, shinikizo la damu lilishuka. Mwili unapumzika kana kwamba kazi imekwisha.

Lakini watafiti haohao walikuta kwamba *kutarajia* kufaulu, kwa kutazama ulichokwishafanya huko nyuma, kunasaidia. Kuota na kutarajia ni vitu viwili. Anayetarajia ana sababu mkononi.

Fanya hivi. Kaa mahali patulivu na uandike kwa mpangilio huu huu, bila kugeuza: Nataka nini ndani ya miezi mitatu? Nikikipata, jambo zuri kabisa litakuwa lipi? Ni kitu gani *ndani yangu* kitakachonizuia? Halafu funga kwa sentensi ya "ikiwa… basi".

Kijana anayejiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne anaweza kuandika: Nataka C ya Hisabati. Nikiipata nitaomba chuo cha ufundi. Kinachonizuia ni kwamba nikikutana na swali gumu nachukua simu. *Ikiwa* nimekwama kwenye swali na mkono unaenda kwenye simu, *basi* nitaandika kwanza ninachojua kuhusu swali hilo, hata mstari mmoja, halafu nihamie linalofuata.

Ubora wa zoezi uko kwenye kizuizi. Wengi huandika "sina mtaji" au "wazazi hawanielewi". Hivyo vinaweza kuwa kweli, lakini endelea kuchimba mpaka ufike kwenye kitu unachokifanya wewe, saa fulani, mahali fulani. Peter Gollwitzer, aliyeuchunguza sana mpango wa "ikiwa… basi", alionyesha kwamba nguvu yake inatokana na uamuzi kufanyika mapema. Saa ya majaribu ikifika hushindani tena na nafsi, maana ulishaamua.

Kwa wenye imani, hapa hakuna mgongano. Bedui aliyemuuliza Mtume Muhammad kama amwache ngamia wake na kumtegemea Mungu aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee.

Hatua ya 6: Mpe mwoga nafasi panapohusika pesa

Nimetetea matumaini mpaka hapa, na sasa nasema kwa uzito uleule: kuna mahali ambapo mwenye kutazama ubaya ndiye mwenye akili. Seligman mwenyewe na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Virginia, na waliofanya vizuri zaidi ni wale wenye kuona mabaya. Mwanasheria anayesoma mkataba anatakiwa alione shimo kabla mteja hajatumbukia. Rubani, mhasibu, fundi umeme, daktari wa upasuaji: wote tunawataka wawe na wasiwasi kazini.

Kanuni ninayoitumia ni kuuliza kukosea kunagharimu nini. Kama kukosea kunagharimu aibu ya dakika tano, kama kumpigia mteja au kuomba kazi, tumia matumaini. Kama kunagharimu nyumba, afya au ada ya mtoto, mwite mwoga aliye ndani yako azungumze.

Fikra chanya zimewaangusha wengi kwenye mambo mawili hasa. La kwanza ni mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa. Anayekopa anaona siku nzuri za mauzo, na rejesho la kila wiki anaona litapatikana tu. Hajapiga hesabu ya wiki mtoto atakapougua. La pili ni kubeti. Mkeka ukichanika kwa timu moja, mtu anasema "nilikuwa karibu", na hayo ni maelezo ya matumaini kwa maswali yote matatu ya hatua ya pili. Lakini kwenye kamari maelezo mazuri hayabadilishi chochote, kwa sababu juhudi yako haigusi matokeo. Matumaini yana maana pale tu mkono wako unapofika.

Hata mipango halali huponzwa. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 juu ya tabia ya binadamu kukadiria muda na gharama chini ya hali halisi, hata anapojua kazi zilizopita zilichelewa. Ukumbi wa opera wa Sydney ulipangwa kukamilika mwaka 1963 kwa dola milioni 7 za Australia. Ulifunguliwa mwaka 1973, na gharama ilikuwa dola milioni 102. Nyumba zetu zinazobaki kwenye linta miaka mingi zina hadithi hiyohiyo. Kwa hiyo ukitaka kujua ujenzi wako utagharimu nini, acha kuuliza mpango wako. Waulize majirani watatu waliomaliza wao walitumia kiasi gani.

Kabla ya kutoa pesa, jaribu zoezi ambalo mtafiti Gary Klein alilieneza kwa mameneja mwaka 2007. Jiweke mwaka mmoja mbele. Biashara imekufa kabisa. Andika kwa dakika kumi imekufaje. Mshirikishe mwenzi wako au mshirika wako, kila mtu aandike peke yake, kisha msomeane. Ukiuliza "kuna hatari gani?" watu huogopa kuonekana wana kisirani. Ukisema "imeshakufa, niambie sababu", wanafunguka. Kisha kila sababu itafutiwe "ikiwa… basi" yake.

Na kama wewe ni mtu ambaye wasiwasi ndio unaokuandaa, usiruhusu mtu akuondolee. Julie Norem na Nancy Cantor walionyesha mwaka 1986 kwamba watu wa aina hii, wanaoshusha matarajio kisha wanajiandaa kwa kila kinachoweza kuharibika, hufanya vizuri sawa na wenye matumaini, na hufanya vibaya zaidi wakitulizwa kwa maneno ya "utaweza tu, usijali". Kipimo ni rahisi: wasiwasi wako unakupeleka kwenye maandalizi au kitandani?

Hatua ya 7: Chunga maneno ya nyumbani

Mtoto hujifunza kujieleza kwa kusikia wazazi na walimu wakimweleza. Akileta mtihani mbaya akaambiwa "wewe hesabu hazimo kichwani, umemfuata mjomba wako", amepewa maelezo ya kudumu, tena ya ukoo. Mwambie, "Maswali ya sehemu umekosa yote matano. Ni kipindi gani hicho hukuelewa?" Usimdanganye kwamba amefanya vizuri, maana matokeo anayaona. Msaidie kuona kosa lina mipaka.

Fundi anayemfunza kijana wake, mwenye duka na msaidizi wake, mke na mume: ni hivyohivyo. "Umechelewa leo" kinarekebishika. "Wewe ni mvivu" hakirekebishiki. Na ukiwa na rafiki ambaye kila ukimwambia mpango anakuonyesha ulivyo mgumu, usimtupe haraka. Mwombe akutajie ugumu mmoja mahususi. Akiutaja, umepata mshauri wa hatua ya sita. Akishindwa, mipango yako mingine itunze.

Mahali mwongozo huu unapoishia

Kuna hali mbili ambazo zoezi la daftari halitoshi.

Moja ni pale kizuizi kilipo nje kwa kweli: mshahara haujalipwa, ardhi imenyang'anywa, soko limevunjwa. Usijibebeshe kosa lisilo lako kwa jina la fikra chanya. Matumaini hapo ni kuungana na wenzako, kuweka nyaraka sawa, na kwenda panapostahili.

Nyingine ni ugonjwa. Ukiwa na huzuni isiyoondoka kwa wiki mbili au zaidi, usingizi umepotea au umezidi, chakula hakipandi, vitu ulivyovipenda havina ladha, au unawaza kufa, hiyo inaweza kuwa sonona, na ina tiba. Usijilaumu kwamba unafikiri vibaya. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa mabenchi nje ya zahanati za Harare, ambapo bibi za mtaani waliofunzwa humsikiliza mtu na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopitia mabenchi hayo walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nchini Kenya, kundi la Shamiri la Tom Osborn limewatumia vijana waliomaliza sekondari kuwaongoza wanafunzi katika vikao vinne vifupi, na matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha sonona na wasiwasi vikipungua.

Huna benchi karibu? Anza na zahanati au hospitali ya wilaya, na uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Dar es Salaam kuna Muhimbili, Dodoma kuna Mirembe, Nairobi kuna Mathari. Ukifika, usiseme tu "sijisikii vizuri", maana unaweza kuishia kupimwa malaria na kurudishwa nyumbani. Sema ilianza lini, unalala saa ngapi, kazi gani imekushinda ambayo zamani uliifanya, na kama umewaza kujidhuru. Nenda na mtu unayemwamini, naye aseme alichokiona. Na kama mawazo ya kujidhuru yapo sasa hivi, usikae peke yako wala usingoje siku ya kliniki: mwambie mtu aliye karibu nawe na muende hospitali leo.